Bi Ulimi Anaviaga Visima Vyake

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Maji ya jiji letu, mpimaji wetu wa visima anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa leo mbele yenu, kwa hiyo mimi nitatumia lile tulilozoea sote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi mwenyewe: Bi Ulimi.

Wageni wakilisikia hudhani wamempata mmbea. Ulimi hauna mfupa, husema, kisha huvuta kiti wasubiri habari za watu. Wengi wameondoka na kiu yao. Katika jengo hili hakuna mtu mwenye maneno machache kuliko yeye. Jina alipewa kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuonja maji.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, aoshe chupa za sampuli katika maabara yetu, chumba kile cha nyuma chenye sinki mbili na dirisha lisilokubali kufungwa. Jiji lilikuwa na visima vya umma mia moja na kumi na viwili, na wapimaji watatu wa kuvizungukia. Jioni moja mpimaji mmoja alileta chupa mbili, moja ya kisima cha sokoni na nyingine ya kisima cha stendi. Mwosha chupa akachovya kidole, akaramba, akamwambia kwa adabu kwamba lebo zimepishana. Mpimaji akafoka kwamba yeye hakuanza kazi jana. Kesho yake walirudi visimani wakaonja pamoja, na kweli lebo zilikuwa zimepishana. Wiki hiyohiyo mwosha chupa alipewa mabuti, ndoo, kamba yenye fundo kila mita, na daftari.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumdanganya kwa maji. Yuko mwenye nyumba mmoja aliyeogopa kisima chake kufungwa, akamletea Bi Ulimi chupa ya sampuli aliyoijaza mwenyewe, eti amemsaidia asitembee juani. Bi Ulimi akanywa funda moja, akamwambia kwamba maji haya ni mazuri sana, na kwamba duka aliloyanunulia lingemuuzia kwa bei nafuu kama angechukua katoni nzima. Na mita ya kupimia chumvi ilipoletwa mara ya kwanza, mtaalamu wake alipanga vikombe vitano mezani ili atuonyeshe kuwa enzi ya kuramba imekwisha. Vikombe vinne ulimi na mita vilikubaliana. Cha tano mita ilisema kina chumvi, Bi Ulimi akasema hiyo si chumvi, ni sabuni, kikombe hakikusuuzwa. Mfagizi akakiri. Tangu siku hiyo mita na ulimi vilitembea pamoja kazini, na mita ndiyo iliyobebwa.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukicheka. Mengine hayachekeshi.

Ukutani mwa ofisi yake kuna ramani ya jiji. Alipoikuta ilikuwa imejaa pini za bluu, kila pini ni kisima chenye maji matamu. Kisima kikifungwa, ya bluu hung'olewa ikawekwa nyeusi. Mwaka wa kwanza hakubadilisha hata moja. Baadaye ikawa moja au mbili kwa mwaka, na hii miaka kumi ya mwisho zimekuwa tano, sita. Kuna wakati stoo iliishiwa pini nyeusi, akaandika barua ya kuomba boksi jingine, na mtunza stoo akamuuliza kama anazila. Hakucheka. Leo zimebaki pini za bluu kumi na tisa, zote upande wa juu wa jiji, mbali na ufukwe.

Watu walimuuliza kwa nini, naye alieleza kwa maneno ambayo hata mimi, niliyeagana na sayansi kidato cha pili, niliyaelewa. Chini ya mji wa pwani, alisema, maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa adabu, mvua itajaza ulipochota. Ukiyavuta kutwa kucha kwa pampu za maghorofa, ya chini yanapanda. Na bahari yenyewe imeinuka, haingoji kuvutwa tena. Mikoko iliyoikinga tumeikata tukaifanya mkaa na nguzo. Mchanga wa ufukweni umepakiwa kwenye malori ukaenda kujenga maghorofa yaleyale. Mvua nayo ama haiji, ama inakuja yote kwa siku moja, inakuta mifereji imeziba kwa plastiki, inapitia vyooni, na inaingia kisimani na vya huko. Mwaka wa mafuriko makubwa sisi wenyewe tulipandisha mafaili ghorofa ya pili tukiwa tumekunja suruali, Idara ya Maji imeingiliwa na maji.

Kufunga kisima ni kazi ya nusu saa. Fundi anachomelea mfuniko wa chuma, namba inafutwa kwa rangi nyekundu, mnaondoka. Bi Ulimi aliifanya ya siku nzima, kwa sababu alikuwa na sharti lake: kisima hakifungwi mpaka majirani waonje. Aliteka ndoo ya mwisho, akagawa vikombe, akasema, "Onja mwenyewe." Hakutaka mtu aseme kwamba ofisi imemnyang'anya maji yake. Mzee mmoja, ambaye baba yake ndiye aliyechimba kisima cha mtaa wao kwa mikono, alikunywa kikombe kizima, akanywa cha pili, akasema bado ni matamu huku machozi yanamtoka. Bi Ulimi alikaa naye kwenye ukingo mpaka saa kumi. Mwishowe mzee mwenyewe akasema, "Haya, mfunikeni." Fundi wetu wa kuchomelea aliunguza vidole viwili siku hiyo, akasingizia moshi.

Mitaa kumi na sita ina mabomba leo kwa sababu ya barua alizoandika, na sheria ndogo inayowazuia wenye maghorofa kuchimba bila kibali ilianzia kwenye daftari lake. Kwa kawaida wasifu kama huu ungeishia hapo, tukapiga makofi, tukala, tukaenda zetu.

Lakini afisa utumishi aliponikabidhi faili lake niandike haya, aliniomba jambo moja: ukurasa wa sitini na nane niuruke, maana siku ya sherehe si siku ya kufukua makaburi. Ukurasa huo ni barua ya onyo. Iliandikwa miaka tisa iliyopita, inasema kwamba Bi Ulimi alifanya uzembe katika kupima kisima namba 41, na kwa ajili yake hakupandishwa cheo mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Barua hiyo ndiyo anayoondoka nayo leo. Mimi siwezi kuuruka. Naujua ukurasa huo kuliko yeyote, kwa sababu uzembe ulioandikwa humo ni wangu.

Kisima hicho kilipopimwa, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya barua, nilikuwa na miezi miwili tangu nihamishiwe hapa kutoka bara, mtu mzima mwenye mke na ndevu, karani wa kumbukumbu. Wapimaji walikuwa wamebaki wawili, na mmoja anaumwa, hivyo Bi Ulimi akaniazima kwa siku moja tumalize visima kumi na viwili. Asubuhi tulikwenda pamoja. Alasiri, kwenye kisima namba 40, mwenye nyumba alisimama juu ya ukingo akaapa kwamba hakifungwi, na Bi Ulimi akabaki kumbembeleza. Akanituma peke yangu kwenye namba 41, mitaa miwili mbele. Nikateka. Betri ya mita ilikuwa imekufa, kwa hiyo kisanduku cha namba nikakiacha wazi. Kuonja sikuonja, nasema kweli, niliona kinyaa. Nikatia mkono kwenye ndoo, na kwa jua lile maji yakanipoza hadi kiwiko. Penye "Hali ya maji" nikaandika: maji baridi.

Mtu wa pwani ameshashika kichwa. Kwenu maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, hata kama yanachemka. Kijijini kwetu huko bara, ambako maji yote ni matamu na hakuna aliyehangaika kuyatafutia jina, maji baridi ni maji yaliyopoa. Mimi niliandika joto, ofisi ikasoma ladha. Saa kumi na moja jioni Bi Ulimi, sauti imemkauka kwa kubembeleza, aliweka sahihi kwenye fomu kumi na mbili bila kuzisoma zote. Hiyo ndiyo mara pekee ninayoijua.

Namba 41 haikuingia kwenye orodha ya visima vya kufungwa. Maji yake yalikuwa yameshageuka, na watu wa mitaa mitatu wakaendelea kuyanywa kwa miezi kumi na minne. Waliokuja kuuliza ofisini walifunguliwa faili wakaonyeshwa: maji baridi, na sahihi ya Bi Ulimi chini yake. Nani angebishana na ulimi ule? Wengine niliwaonyesha mimi mwenyewe, kwa kidole hiki, wala sikushtuka, kwa kuwa niliamini nimeandika nilichokigusa. Waliondoka wakiinamisha vichwa kama watu walioambiwa wanasema uongo.

Mmoja wa watu wa mitaa hiyo alikuwa mdogo wake Bi Ulimi, wa tumbo moja, fundi cherehani. Alikuwa na presha, na daktari alikuwa ameshamkataza chumvi. Alisema mara tatu kwamba maji yamebadilika, kwamba sabuni haitoi povu na chai ina ladha ya machozi. Mara ya tatu Bi Ulimi, ambaye alikuwa ameshaiangalia fomu, alimjibu kwamba kisima kimepimwa, sahihi ni yake, na aache kudeka. Hakwenda kuonja. Kutoka ofisini hadi namba 41 ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Miezi minne baadaye mdogo wake alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Daktari hakusema kisima ndicho kilichomwangusha. Alisema tu kwamba chumvi haikumsaidia. Mkono uliokuwa ukikata suruali kwa jicho, bila chaki, haukushika mkasi tena. Bi Ulimi alitoka hospitali asubuhi yake akaenda moja kwa moja hadi namba 41, akateka, akaonja, akakaa chini. Walioshuhudia wanasema alikaa muda mrefu. Kikafungwa siku hiyohiyo, na majirani walionja wote bila kusema neno, maana wao walikuwa wakijua zamani.

Kikao cha uchunguzi kilikaa chumba cha mikutano cha juu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mafaili mikononi. Mwenyekiti aliinua fomu akauliza nani aliandika maneno haya. Mwandiko wangu umelala kushoto kama ukuta unaotaka kuanguka, hakuna asiyeufahamu katika ofisi ile. Bi Ulimi aliuangalia, hakuniangalia mimi. Akasema, "Sahihi ni yangu." Basi, kikao kikaisha. Nami nilikuwa na ulimi wangu, haukusema kitu. Nilijiambia kwamba mimi mgeni, nina watoto, nitasema kesho. Kesho hiyo imechukua miaka tisa.

Mngetegemea anichukie. Wiki iliyofuata alikuja mezani kwangu na vikombe viwili, kimoja cha maji matamu na kimoja cha kisima kilichofungwa, akanionjesha. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka nikaweza kuvitenganisha nikiwa nimefumba macho. Hakusema kwa nini. Kisha akaiandika upya fomu yetu ya kupimia, hii tunayoitumia hadi leo. Hakuna tena "Hali ya maji". Kuna "Chumvi: ipo au haipo", na chini yake, "Nani ameonja?" Kila nikiipanga kwenye faili, swali hilo hunisoma kabla sijalisoma.

Bi Ulimi alimchukua mdogo wake akakaa naye nyumbani kwake. Kwa miaka tisa saa ya chakula cha mchana Bi Ulimi hakuonekana kantini. Alikuwa anakwenda kumlisha, kumgeuza, na kurudi kabla ya saa nane. Dereva wetu alikuwa akimsubiri kwenye kona bila kuambiwa. Mwaka jana Bi Ulimi alianza kumuuliza afisa utumishi, kila mwezi, kama tarehe ya kustaafu ni ileile. Tulimtania kwamba ametuchoka. Kumbe alikuwa amemuahidi mdogo wake kwamba baada ya tarehe 30 Juni watashinda pamoja kutwa nzima, wawili tu, hakuna tena kukimbizana na saa. Mdogo wake alifariki mwezi Machi, zikiwa zimebaki wiki kumi na tano. Bi Ulimi aliomba ruhusa ya siku nne. Siku ya tano alikuwa kazini, na mabuti yake, anapima.

Kwa hiyo siwezi kuandika kama tunavyoandika siku zote, kwamba mstaafu wetu sasa anakwenda kupumzika na wapendwa wake. Nyumba anayoirudia ina kitanda kimoja kitupu na cherehani iliyofunikwa shuka. Nina huzuni, na sehemu ya huzuni hiyo nimeifanya kwa mkono wangu. Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi barua, nikiomba ukurasa wa sitini na nane utolewe kwenye faili la Bi Ulimi na uwekwe kwenye langu. Sijajibiwa bado. Nitakalopewa nitalipokea.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, maabara, stoo, karakana na ofisi, asante, dada. Asante kwa kila kikombe ulichoonja ili wengine wanywe bila woga. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na watu wa kukutembelea. Tunakutakia maisha mema.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekomea. Lakini haikuwa haki mambo haya yachapwe kabla yeye hajayaona, nikampelekea juzi mchana. Alikuwa anafungasha vitu vyake kwenye boksi la karatasi. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, mimi nimesimama palepale mlangoni kama siku ya kikao. Kuhusu barua ya onyo alisema waitoe wasiitoe, sahihi aliweka yeye. Kuhusu mimi, aliniangalia usoni.

"Mwandiko wako niliujua siku ileile," akasema. "Mdogo wangu naye alikuwa akiniuliza kila mara, nani aliandika? Nikawa namwambia, subiri, atakuja mwenyewe kukuambia."



Kisha akaniomba kalamu. Pale nilipomtaja mdogo wake nilikuwa nimeandika kwamba alilalamika mara tatu kuhusu maji. Akalikata neno hilo kwa mstari mmoja.

"Hakulalamika," akasema. "Alisema. Andika hivyo."

Nimeandika hivyo, dada. Alisema, na alichosema kilikuwa kweli. Uishi salama.